Mvulana wa Kwenye Kaseti

Jumapili, 3 Machi

Mama,

Shikamoo. Naandika neno hilo kwa sababu mkono umelizoea. Moyo haumo.

Barua yako ya mwezi uliopita nilikuwa nimeanza kuijibu. Ulisema ulimi sasa umelala kabisa, hata maji unapewa yakiwa yamefanywa mazito kama uji, lakini mkono bado unashika kalamu. Ulisema mke wangu amekudokezea kwamba mwanetu Kasuku ameanza kukwama anapoongea, na ukataka nimlete likizo ya shule umsikilize. Nilikuwa nimeandika "tutakuja." Karatasi ile nimeichana.

Jana Kitinda alinitumia kwenye simu kitu alichokiita zawadi. "Kaka, sikiliza! Mama anaongea tena!" Nilikuwa kazini, juu ya kibanda cha lifti, ghorofa ya saba, mikono imejaa grisi. Nikabonyeza kwa kiwiko. Sauti yako ikatoka, ile ya wakati nikiwa mtoto, ikajaa shimo zima la lifti: "Mmm-mwa-mwa-mwanangu, u-u-ujambo?" Mwenzangu aliyekuwa chini akapiga kelele: "Fundi, umejirekodi?" Akacheka mpaka akaangusha spana.

Kuna jambo hulijui, kwa sababu sikukuambia. Sauti hiyo nilishawahi kuisikia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Shule ilituachia mapema, nikaja chuoni kwako kuchukua ufunguo wa nyumba. Mlango wa darasa lako ulikuwa nusu wazi kwa ajili ya joto. Ulisimama mbele, kinasa sauti juu ya meza, ukawaambia wanafunzi wako: "Sasa msikilize mvulana mmoja wa miaka kumi na miwili ninayemtibu." Ukafungua mdomo, nikatoka mimi. Mimi mzima, pumzi zangu, kukwama kwangu, kila kitu. Wakacheka. Ukawaacha wacheke, kisha ukaendelea.

Niliondoka bila ufunguo. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba hadi mliporudi, ukaanza kunigombeza: kwa nini sikuja kuuchukua? Nikajaribu kujibu. Ukasema yale maneno yako: "Anza tena. Polepole."

Sikuanza tena. Sijaanza mpaka leo.

Kasuku haji. Mtoto wangu hatakuwa mfano wa darasa la mtu.

Fundi wa lifti


Jumamosi, 9 Machi

Chifu,

Marahaba.

Barua yako imeingia humu ndani kama mtu anayefungua mlango kwa teke. Ningekuwa na nguvu ningekurudishia ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu, adabu kwanza.

Sikiliza jinsi mambo yalivyokuwa kabla hujaendelea kunihukumu. Kuna binti wa hospitali anakuja hapa nyumbani kila Jumanne. Ni mtaalamu wa tiba ya usemi, kama nilivyokuwa mimi, ila mimi nilivaa viatu vya visigino na yeye anavaa raba na kukaa sakafuni. Namwita Kifaranga, naye ameridhika. Ameniletea tableti: mimi naandika, yenyewe inasema. Sauti iliyokuja nayo ni ya mwanamke anayetangaza ndege zilizochelewa. Nikakataa. Sitaki kufa na sauti ya uwanja wa ndege.

Kifaranga akasema akipata mahali nilipoongea zamani, mashine itajifunza sauti yangu mwenyewe. Tukatafuta. Kwenye video ya harusi yako natabasamu tu. Kwenye ya Kitinda natabasamu na kupunga mkono. Ndipo dada yako, bila kuniuliza, akapanda stoo akashusha sanduku la kaseti zangu za chuo. Ni mtoto wa mwisho, na akili nayo ilimfikia ya mwisho. Mashine ikala kaseti zote, nzuri na mbaya, ikatapika ulichokisikia. Mashine haijui mfano ni kitu gani.

Kuhusu darasa, nakujibu kama mwalimu. Mwalimu wa udaktari huwaonyesha wanafunzi kidonda. Mwalimu wa usemi awaonyeshe nini? Kigugumizi hakichorwi ubaoni. Lazima mtu afungue mdomo. Kwamba walicheka, wanafunzi hucheka hata msibani. Ile ilikuwa mifano ya kufundishia, na haikuwa wewe. Nasema haikuwa wewe, na sitarudia.

Sasa la maana. Mtoto wa miaka sita hangojewi. Huu ndio umri wa kumsaidia, kabla hajajifunza kujificha. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, najua ninachosema, na muda wangu unakwisha, usinilazimishe kuomba. Unasema mtoto wako hatakuwa mfano wa mtu. Je, wewe unamfanya nini, kama si fimbo ya kunichapia?

Mlete.

Mama yako


Ijumaa, 15 Machi

Mama,

Haikuwa mimi. Haya. Alikuwa nani basi? Ulikuwa na mvulana mwingine wa miaka kumi na miwili anayekwama kwenye "ba" na "ma," anayevuta pumzi kabla ya neno kama mtu anayeingia maji ya baridi? Aliishi wapi huyo ndugu yangu? Alikula sahani ipi?

Umeandika kama mwalimu, nami nakujibu kama mwanafunzi wako. Kila Jumamosi uliniweka mbele ya simu. "Piga dukani, uliza kama sukari ipo." Sukari ilikuwepo. Nilikuwa naiona kabatini nikiwa nimeshika mkono wa simu. Mwenye duka akipokea: "Alo? Alo? Nani?" Mimi na mmm yangu. "Nyie watoto, tafuteni mchezo mwingine!" Anakata. Na wewe umesimama nyuma yangu: "Anza tena." Napiga tena, yule yule, anatukana tena. Baba alikuwa anainuka kwenye kiti anatoka nje. Nilijua ananionea haya.

Ndiyo maana mimi na wewe tunaandikiana barua kama watu wa enzi za meli. Simu uliiua mwenyewe.

Na jina langu je? Baba aliniita jina langu. Kitinda analiita. Nadhani hata mbwa wa jirani alilijua. Kwako wewe, tangu nipate akili, mimi ni "Chifu." Watu wakakusifu: tazama mwanamke mwenye adabu, mtoto amepewa jina la baba mkwe, hathubutu kulitamka. Mimi nilijua sababu yako nyingine. Jina lilikuwa la mzee anayehutubia mikutano, na ulipoona aliyelirithi hawezi kumaliza salamu, ukaona si lake.

Hata mimi siwezi kulitamka, kama unataka kujua. Siku yangu ya kwanza kazini msimamizi aliniuliza naitwa nani, nikakwama mpaka akaangalia saa, akasema, "Basi, Fundi inatosha." Imetosha hadi leo.

Juzi Kasuku aliniuliza: "Baba, wewe ndiye umeniambukiza, au mimi nimekuambukiza wewe?" Sikumjibu, na safari hii sikuwa nimekwama. Tangu siku hiyo ameanza kupunguza maneno. Mtoto tuliyemwita Kasuku kwa kuongea! Mwalimu wake anampongeza, anasema amekuwa na nidhamu.

Usiniandikie tena habari za kumleta. Yaliyonipata kwa mtaalamu yananitosha mimi na kizazi changu.

Fundi


Jumapili, 24 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hii ndiyo barua yangu ya kwanza kukuandikia tangu nizaliwe, maana simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma halafu unakaa kimya kama jiwe la mtoni. Naona mmenifanya mimi ndiye mkosaji. Mimi nilishusha sanduku. Nilitaka Mama aongee. Mnichinje basi.

Mama alipaliwa Jumatano. Maji kidogo tu, tena yale mazito. Tulimkimbiza hospitali akiwa wa bluu. Ametoka, yupo nyumbani, lakini daktari alinivuta pembeni akaniambia nisipange mambo ya mbali. Nimekuandikia hivyo alivyosema, na wewe si mtoto.

Kuna jingine. Siku moja kabla ya kupaliwa, Kifaranga alikuja na kompyuta yake, akakaa sakafuni kama kawaida yake, akamwambia, "Mama, naomba nikuulize kama mwenzangu wa kazi. Hii mifano ya kwenye kaseti, ulikuwa unamwiga nani?" Mama akachukua ubao wake mdogo wa kuandikia, akaandika TOKA NJE. Kaka, kwa nguvu mpaka ncha ya kalamu ikaingia ndani. Kifaranga hakutoka. Akakaa tu, hasemi, hamwangalii. Mama akageukia ukutani. Nilipoleta dawa nikakuta mto umelowa. Mimi sijawahi kumwona Mama analia, hata kwenye msiba wa Baba alikuwa anapanga viti.

Tangu arudi kutoka hospitali ameomba karatasi nzuri, zile zenye mistari. Anaandika, anachana, anaandika. Nikisogea ananifunika kwa mkono kama mtoto wa shule. Sijui ni nini. Akimaliza nitaituma, na wewe uisome. Usipoisoma napanda basi nije niisome mwenyewe mbele ya mafundi wenzako wote, na mdomo wangu unaujua.

Ni mimi,
Kitinda


Jumanne, 2 Aprili

Chifu,

Nimekasirika. Nimekukasirikia wewe, nimemkasirikia Kifaranga, nimeukasirikia ulimi huu uliolala kinywani kama samaki aliyekufa. Lakini hasira hizo zote ni za kuzugia. Naandika leo kwa sababu mkono nao umeanza kutetemeka, na nikisubiri nipoe nitakuwa nimeshapoa kabisa.

Yule mvulana wa kwenye kaseti ni mimi.

Sikuwa namwiga mtu. Mama yako ana kigugumizi. Nilizaliwa nacho kama ulivyozaliwa nacho wewe, kwenye "ba" na "ma" zile zile, na pumzi ile ile ya mtu anayeingia maji ya baridi. Umenipima vizuri kuliko mtaalamu yeyote aliyewahi kunipima.

Nilipokwenda kuomba nafasi chuoni, walikaa wanaume watatu nyuma ya meza. Mmoja, kabla sijakaa, akasema: "Tukueleweshe mapema, hapa hatuchukui wenye kasoro ya kusema. Kiwete hafundishi kukimbia." Nikatabasamu. Wakaniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Neno ni "mwalimu," nami nikaliona linakuja na kukaza koo. Nikasema, "Anafundisha." Wakaniuliza nimetoka mji gani. Mji wetu unaanza na midomo kufungwa. Nikataja mji wa jirani. Kila swali nililijibu kwa kupitia mlango wa nyuma. Mwishoni wakaandika kwamba ni msichana anayepima maneno yake, na sifa hiyo ikanifuata mpaka nastaafu. Mkuu wa idara aliitaja kwenye hotuba ya kuniaga. Nilikuwa sipimi kitu, Chifu. Nilikuwa natafuta njia ya kukimbilia.

Nimeishi hivyo. Dukani nilinunua kitambaa cha kijani nikitaka cha bluu. Harusini nikatabasamu. Kwenye vikao vya kazi nilisema "nakubaliana na aliyetangulia" hata aliyetangulia akiwa mpumbavu.

Baba yenu alijua, peke yake. Simu ikilia ndani ya nyumba aliruka kama jogoo, na nyinyi mkaona ni mwanamume mwenye wivu. Zile Jumamosi hakutoka nje kwa kukuonea haya wewe. Alitoka ili asinitazame mimi. Siku moja alirudi mlangoni akaniuliza, mbele yako, ila ulikuwa unalia hukusikia: "Mke wangu, dukani hapo wewe ulipiga lini?" Sikumsemesha wiki nzima. Jibu lake ni kwamba sijapiga. Katika maisha yangu yote sijawahi kuliuliza duka lile chochote kwa simu. Mkuki kwa nguruwe.

Sasa darasa. Nilipopangiwa somo la kigugumizi ilinibidi nionyeshe, nikafungua mdomo nikauachia. Sijui kama utanielewa, na kama yupo mtu wa kunielewa ni wewe. Ilikuwa kama kuvua viatu vinavyobana. Kwa dakika chache nilisema neno nililolitaka, kwa sauti iliyokuja nayo, na hakuna aliyeshtuka. Walicheka, nami nikafurahi wanacheka, maana waliamini ninaigiza. Nikalipenda somo lile kuliko yote. Nikanunua kinasa sauti ili nirekodi, nikajidai ni kwa ajili ya maktaba.

Mwaka ule mwanafunzi mmoja wa mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, unamwiga nani? Maana hiki hakionekani cha kubuni." Ningeweza kusema "mgonjwa mmoja." Ningeweza kusema "mzee mmoja." Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, na asubuhi ile ulikuwa umekwama mezani ukiomba mkate. Nikasema, "Mvulana mmoja ninayemtibu." Na somo lililofuata nikaanza nalo kabisa, kama utangulizi. Hilo ndilo ulilolisikia mlangoni.

Umebeba moyoni kwamba mama yako alikuiga. Nilifanya baya zaidi. Nilikusingizia. Nilijificha nyuma ya mtoto wangu kama mtu anayerushiwa mawe. Na sikuacha. Kila mwaka wanafunzi wapya, mvulana yule yule. Wewe ukaota ndevu, ukaoa, yeye akabaki na miaka kumi na miwili.

Kila "anza tena" niliyokuambia, nilikuwa namwambia mtu mwingine humu ndani, naye sikumtaka aanze tena, nilitaka afe. Nilipokusikia unakwama sebuleni nilisikia siri yangu inatembea kwa miguu yake ndani ya nyumba, inaomba mkate. Watu wakasema mganga hajigangi. Hawakujua kwamba anaweza hata kumpiga mgonjwa kwa sababu ya ugonjwa wake mwenyewe.

Jina lako nililipenda. Siku ulipopewa nilikubeba mbele ya babu yako ili nilitangaze, midomo ikafunga haikufunguka. Watu wananitazama. Nikacheka nikasema, "Huyu ni chifu!" Wote wakacheka, babu yako akafurahi, adabu yangu ikasifiwa. Baada ya hapo sikujaribu tena. Ningeweza kuliandika hapa. Silitaki kwenye karatasi. Karatasi ndiyo mlango wangu wa nyuma wa mwisho.

Kifaranga amerudi leo asubuhi. Nilimwandikia kwenye ubao: NI MIMI. Akasema, "Najua. Anayeiga hukwama panapochekesha. Wewe ulikuwa unakwama panapouma." Nilitaka kumpiga kofi, na nilitamani angekuwa mwanafunzi wangu. Akanionyesha kwamba kompyuta yake inaweza kuondoa kigugumizi chote na kubakiza sauti safi. Akabonyeza, nikasikia. Nilikuwa pale, Chifu, yule mwanamke niliyejidai kuwa tangu chuoni, fasaha, hakwami, hapumui. Alikuwa yule yule wa uwanja wa ndege. Nikaandika: IRUDISHE.

Kuhusu Kasuku. Ukimleta sitamtibu. Hata nikitaka kumwambia "anza tena" siwezi, na huenda ugonjwa huu ulijua ulichokuwa unakifuata. Lakini alikuuliza swali, nani kamwambukiza nani, na mwenye jibu ni mimi. Hakiambukizwi. Kimetoka kwangu, kikapita kwako, na hakuna aliyekosea. Nataka aambiwe hivyo na kinywa kilichokianzisha. Usipomleta, mwambie mwenyewe, na umtafutie mtu kama Kifaranga, anayejua kukaa sakafuni na kunyamaza. Kwa vyovyote usimwache awe mtoto mwenye nidhamu. Nidhamu hiyo naifahamu. Nimeishi nayo mpaka ikanizika nikiwa natembea.

Sikuombi msamaha. Msamaha nao ni zoezi, na mazoezi nilishakupa ya kutosha.

Mama yako


Jumapili, 7 Aprili

Mama,

Barua yako nimeisomea ndani ya lifti niliyoisimamisha makusudi kati ya ghorofa mbili, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambayo mtu hawezi kunifuata. Nilipofika kwenye "ni mimi" nikapiga ukuta teke. Umebonyea. Mwenye jengo ataniuliza, nami nitakwama.

Nimekasirika kuliko mwanzo, usidhani umenipoza. Zamani nilikukasirikia kwa kunicheka. Sasa nakukasirikia kwa kuniacha peke yangu. Nilikuwa nalala chumba kinachopakana na cha mtu wa pekee duniani aliyejua ninavyojisikia, naye ananifundisha kupumua kutoka kwenye kitabu! Ungekwama mbele yangu mara moja tu, Mama. Mara moja, ukiomba chumvi. Ningekuwa mtu mwingine. Na Baba naye, kutoka nje kila Jumamosi kwenda kutazama ukuta wa jirani! Nyote wawili. Nikifika kaburini kwake yeye pia ana lake.

Nilirudi nyumbani nikiwa sina hamu ya mtu. Kasuku alikuwa mezani, kimya, anakata karatasi. Nikamwambia, nami nikakwama vizuri sana katikati, kwamba bibi yake naye hukwama, tangu mtoto, tena kwenye maneno yetu. Akaacha mkasi. "Bi-bi-bibi? Yule mkali?" Nikamwambia ndiye huyo huyo. Akacheka mpaka akatoka machozi. Kisha akaanza kuongea, habari za shule, za paka, za mwalimu, akakwama, akaruka, akakwama, hakujali, mpaka mama yake akaja mlangoni kusikiliza. Ameongea mpaka amelala na neno mdomoni.

Mke wangu ananishauri hasira ikae kwanza ndipo tusafiri. Nimemwambia haikai, nayo itapanda basi. Tunakuja Jumamosi: mimi, mkaza mwanao, Kasuku, na hasira yangu. Usiipangie viti. Nina mambo ya kukuambia ambayo hayafai kwenye karatasi, na yatachukua muda mrefu kwa jinsi ninavyoongea. Utayasikiliza yote. Kitinda asinimalizie neno hata moja, mwambie mapema, maana ndiyo tabia yake.

Kaseti zisitupwe. Kasuku anataka kumsikia yule mvulana. Nimemwambia si mvulana.

Mwambie Kifaranga asiisafishe hiyo sauti, asiguse kitu. Tukishaingia na kukaa, uandike jina langu kwenye tableti, jina lote, na ubonyeze mbele yangu. Kisha nitakujibu kwa kulitamka mimi mwenyewe. Hakuna atakayesema "anza tena."

Ikikwama, tutasubiri.

Mwanao